Kadi ya Kliniki Haikuandikwa Ili Kufundisha Mashine

Wajawazito wa Zanzibar waliingia kwenye akili unde kabla sisi wa barzani hatujasikia kitu kinachoitwa ChatGPT. Kwa miaka kadhaa wahudumu wa afya wa kujitolea, katika mradi wa kujifungua salama ulioendeshwa na shirika la D-tree pamoja na Wizara ya Afya, walipita nyumba kwa nyumba na simu mkononi. Walimuuliza mama umri wake, mimba ya ngapi, mara ya mwisho alijifungulia wapi, na safari hii ananuia kwenda wapi. Mwaka 2022 ukachapishwa utafiti uliotumia kumbukumbu za wanawake zaidi ya 38,000 wa wilaya kumi kuifundisha kompyuta kubashiri nani atajifungulia nyumbani na nani atafika spitali. Nia yake inaeleweka: ukimjua mapema anayeelekea kubaki nyumbani, mhudumu atamtembelea zaidi na usafiri wake utatafutwa kabla uchungu haujaanza. Mradi huo ndio uliozaa mpango wa Jamii ni Afya, ambao leo umeenea Unguja na Pemba.

Sina la kuulaumu utafiti ule. Nimeanza nao kwa sababu wako watu wanaozungumza juu ya sheria ya faragha na akili unde kana kwamba ni mambo ya Ulaya yatakayotufikia siku za usoni, pamoja na mvua za mwakani. Yameshafika, na yameanzia mahali penye siri kuliko pote, yaani uzazi. Na wanaokuja nyuma ya utafiti ule si watafiti peke yao. Ni kampuni za bima, wenye hoteli, wakopeshaji wa simu, na vijana wetu wenyewe wenye kompyuta mpakato na wazo zuri.

Ukikaa na vijana hao, Fumba au Mlandege, sheria kwao huanza na kumalizikia kwenye ridhaa. Watu wametia saini? Wamebonyeza "nakubali"? Basi yamekwisha. Kwa maoni yangu hapo ndipo kosa linapozaliwa, kwa sababu saini haiulizwi tu kama ipo. Inaulizwa ilitiwa kwa ajili ya nini.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na zitumike kwa lengo hilo. Mama wa Wete aliyetoa umri wake na historia ya mimba zake alitoa ili apimwe, ashauriwe, apewe tarehe ya kurudi. Hakutoa ili kampuni ipate mashine ya kubashiri. Jirani akikuwekea mkufu wake wa dhahabu mpaka arudi safari, nawe ukamwazima binti yako auvae harusini, kisha ukaurudisha kabatini bila hata mkwaruzo, hujaiba, lakini amana umeshaivunja. Hili mtoto wa chuoni analijua. Tunaingia kwenye kompyuta tunalisahau, maana kwenye kompyuta mkufu hauondoki kabatini. Unanakiliwa, na mwenyewe hana habari.

Waingereza walijifunza jambo hili kwa aibu. Mwaka 2015 hospitali za Royal Free za London ziliwapa DeepMind, kampuni ya akili unde iliyo chini ya Google, kumbukumbu za wagonjwa wapatao milioni 1.6 ili zitumike kujaribia programu ya kugundua mapema figo zilizoanza kufeli. Hakuna faili lililovuja wala aliyeuza jina la mgonjwa. Programu yenyewe ilikuwa na manufaa. Lakini Julai 2017 msimamizi wa taarifa wa Uingereza aliamua kuwa hospitali hizo zilikiuka sheria, kwani aliyekwenda kufungwa bandeji ya mguu hakuwa na sababu yoyote ya kutarajia kuwa faili lake litatumika kupimia programu ya kampuni. Nia njema haikuwaokoa. Nawaomba wanaotuambia "sisi tunasaidia tu jamii" waisome kesi hiyo mara mbili.

Upo mlango ambao sheria yetu imeuacha wazi. Taarifa zinaweza kutumika kwa takwimu na utafiti nje ya lengo la mwanzo, mradi zitumike kwa namna ambayo mhusika hatambuliki. Wajenzi wengi wa mifumo wanaupenda sana mlango huu. Wanasema: tunafuta majina, basi tumepita. Tuone kama kweli wanapita.

Chukua jedwali la kliniki ya wajawazito. Safu ya kwanza jina, ya pili umri, halafu mimba ya ngapi, namba ya simu, jina la mume, shehia, tarehe ya hudhurio la kwanza, uzito, kiwango cha damu, majibu ya vipimo, na mwisho kabisa safu pana ya "maelezo ya mhudumu". Kijana wa kompyuta anafuta jina, simu na jina la mume. Anaandika juu ya faili kuwa taarifa zimesafishwa. Kilichobaki ni mstari unaosema: miaka 44, mimba ya tisa, pacha, Kisiwa Panza, Novemba. Na kwenye ile safu ya mwisho, ambayo hakuna mtu aliyekumbuka kuisoma, mhudumu ameandika kwa uaminifu wake wote: "Mume yuko Oman, mkwe hataki aende spitali." Mpe mstari huo mtu yeyote wa Kisiwa Panza. Atakutajia jina kabla hujamaliza kusoma, na jina la mkwe juu yake.

Sensa ya 2022 iliwahesabu Wazanzibari 1,889,773, na shehia zetu ni 388. Wastani haufiki watu 5,000 kwa shehia, na ndani ya watu hao ukiwatoa wanaume, watoto na wazee, wajawazito wa mwezi mmoja wanabaki wachache kiasi cha kuhesabika kwa vidole. Mtafiti Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya wanapoishi. Huko ni kwenye nchi ya mamilioni ya watu wasiojuana. Sisi tunaulizana "wewe mtoto wa nani?" kabla ya kuulizana jina. Kufuta safu tatu hapa hakumfichi mtu. Kwa hiyo ule mlango wa utafiti, kwa visiwa vyetu, ni mwembamba kuliko unavyodhaniwa, na anayetaka kuupita hana budi kufanya zaidi: kuunganisha umri kwenye makundi, kuitaja wilaya badala ya shehia, kuyaondoa maelezo ya mkono yote, na kuiacha kabisa mistari ya watu walio peke yao katika sifa zao. Ubashiri utapungua ukali kidogo. Na upungue.

Sauti ni mtihani wa peke yake, na nadhani ndio utakaotushinda mapema. Kila mradi sasa unataka roboti la kuzungumza Kiswahili, na ili lizungumze linahitaji saa nyingi za watu wakiongea. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa watu waliojitolea wakijua wanachokifanya, na anayezichukua anaahidi kutojaribu kumtambua aliyezisema. Huo ni utaratibu wa heshima. Sasa linganisha na anayechukua rekodi za simu za huduma kwa wateja, au ujumbe wa sauti uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, akavitia kwenye mashine. Mtu wa Makunduchi akifungua kinywa unajua ametoka Makunduchi. Mtu wa Tumbatu hivyo hivyo. Wanaomfahamu wanamjua kwa neno la pili. Sauti haina safu ya jina ya kufutwa.

Utetezi mwingine unaosikika ni kwamba hata kama taarifa zina watu ndani yake, modeli, yaani ile mashine inayojifunza kutokana na taarifa, ikishafundishwa inabaki na hesabu tu, watu wamekwisha kuyeyuka. Si kweli kila mara. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Nicholas Carlini waliionyesha dunia kuwa modeli ya lugha ya GPT-2, mtangulizi wa ile inayoendesha ChatGPT, inaweza kuchokozwa mpaka itapike maneno iliyofundishwa nayo, yakiwemo majina ya watu, namba za simu na anwani, tena mengine iliyakuta mara moja tu kwenye mafunzo. Mashine ndogo ya kubashiri aina ya ile ya wajawazito haina tabia hiyo kwa kiwango hicho. Lakini miradi ya leo inakimbilia modeli za lugha kwa kila kitu, hata pale ambapo jedwali na kanuni chache zingetosha.

Nami naongeza jambo dogo linalofanyika kila siku maofisini: mtumishi amepewa orodha ya wagonjwa au wanafunzi, imejaa makosa, anainakili nzima na kuibandika kwenye roboti la mazungumzo la kampuni ya Marekani ili imnyooshee majina. Dakika mbili kazi imekwisha, na taarifa zimevuka bahari. Kwa sheria ya 2022 huko ni kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, jambo lenye masharti yake na kanuni zake za mwaka 2023. Aliyebandika hajui kuwa amesafirisha chochote.

Adhabu si za mchezo. Kwa anayetoa au kuuza taarifa za watu kinyume cha sheria, kampuni inaweza kutozwa faini kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5, na mtu binafsi anaweza kufungwa hadi miaka 10. Lakini mimi siamini kuwa faini ndiyo itakayowashtua wajenzi wa akili unde. Kitakachowashtua ni amri ya kuiharibu modeli. Mwaka 2021 tume ya biashara ya Marekani iliibana kampuni ya Everalbum, iliyotumia picha za wateja wake kutengeneza teknolojia ya kutambua nyuso bila kuwaeleza ipasavyo. Haikuambiwa ifute picha tu. Iliambiwa ifute na modeli zilizotokana na picha hizo. Jirani zetu wa Kenya nao wametoa funzo: Worldcoin ilipopanga watu foleni Nairobi na kuwapiga picha za mboni za macho kwa malipo ya sarafu za kidijitali, serikali iliisimamisha Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Ridhaa iliyopatikana kwa kuonyeshwa pesa ilionekana si ridhaa. Ukijenga juu ya taarifa ulizozipata vibaya, unajenga nyumba ambayo siku yoyote unaweza kuamriwa kuivunja.

Sasa nifike kwenye fundo ambalo ni letu sisi peke yetu. Sheria ya 2022 inatumika Bara na Zanzibar, ila kwa upande wa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Mawasiliano ya simu ni jambo la Muungano. Mabenki na fedha hali kadhalika. Afya siyo. Skuli za msingi na sekondari siyo. Utalii siyo, ardhi siyo, maji siyo. Kwa hiyo mkopeshaji wa simu anayemdai mtu wa Kwahani yuko ndani ya sheria hiyo na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Aprili 2024, ina mamlaka naye. Kadi ya kliniki ya Micheweni inabidi itafutiwe kinga yake hapa hapa: kwenye Ibara ya 15 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inayolinda faragha ya mtu na familia yake, kwenye miiko ya tiba, kwenye kamati ya maadili ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, na kwenye kazi ya Baraza la Wawakilishi.

Mwanasheria wa Vuga ataupenda mgawanyo huu, kwani ni wa kikatiba na una mantiki yake. Mashine haiujui. Mama huyo huyo mmoja ana namba ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole, ana kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ana kadi ya kliniki, na mtoto wake yuko skuli. Mfumo mmoja ukiunganisha hayo manne, na ndiyo kazi ambayo akili unde inaipenda kuliko zote, mpaka wa Muungano unapita katikati ya mstari mmoja wa jedwali. Safu ya simu ina Tume, safu ya kliniki haina. Nani atamwambia mama huyo aende kulalamika wapi?

Jibu langu kwa mjenzi ni fupi: asisubiri wanasheria wamalize. Aichukulie sheria ya 2022 kama inatawala kila safu, hata zile ambazo kwa maandishi haizifiki. Asajiliwe na Tume kama mkusanyaji au mchakataji, amteue afisa wa ulinzi wa taarifa ambaye si binamu yake asiye na kazi, aandike lengo kwa Kiswahili kabla ya kukusanya. Hasara yake ni ndogo. Siku Baraza litakapofunga pengo, yeye atakuwa ameshafika. Kwa wenye hoteli naongeza tahadhari moja: tovuti inayomlenga mteja aliyekaa Milano au Paris, bei kwa yuro na lugha yao, inaweza kuvutwa na sheria ya faragha ya Umoja wa Ulaya, hata kama hoteli iko Nungwi. Roboti la kujibu wageni lisikuponze.

Kuhusu wakopeshaji sitasema mengi, maana yanajulikana. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Aliyewahi kukopa huko anajua mchezo: programu inaomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu, unabonyeza kwa sababu una shida, na ukichelewa siku tatu shemeji yako, mwalimu wako na mteja wako wanapokea ujumbe kuwa wewe ni tapeli. Ridhaa uliyoitoa ilikuwa yako. Namba ya shemeji haikuwa yako kuitolea ridhaa. Halafu ipo mashine inayokataa mkopo bila maelezo, na sheria inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Sijamsikia mtu aliyeidai haki hiyo kaunta. Wengi hawajui kama ipo, na kaunta haina haraka ya kuwaambia.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Wanasema ukibana sana, modeli zitafundishwa na taarifa za Boston na London, kisha zitaletwa kumpima mtoto wa Chake Chake, na zitakosea. Ni kweli. Mtu asiyekuwemo kwenye taarifa naye anadhulumika, tena kwa njia asiyoiona. Ila hoja hiyo inatutaka tukusanye vizuri; haimpi mtu ruhusa ya kubeba kila kilichomo kabatini. Mashine ya kubashiri kujifungua haikuhitaji jina la mkwe. Haikuhitaji hata jina la mama. Anayesema anahitaji kila safu mara nyingi hajakaa kufikiri anataka kubashiri nini, na huo ni uvivu, tuuite kwa jina lake.

Na lipo la mikataba, ambalo nalitilia mkazo kuliko yote kwa sababu ndilo linaloweza kurekebishwa bila kungoja sheria yoyote. Miradi yetu mingi ina mfadhili, ina kampuni ya nje na ina muda: miaka mitatu, mitano. Muda ukiisha, mkataba mzuri unasema taarifa zirudishwe Wizarani na nakala zifutwe. Kampuni inatii, inatoa hati, watu wanapigwa picha wakipeana mikono. Modeli iliyofundishwa na taarifa hizo inaondoka nayo, inaboreshwa, inauzwa kwa nchi nyingine, na pengine miaka miwili baadaye inarudi Zanzibar na ankara. Katibu Mkuu anayetia saini mwaka huu anaweza kudai vifungu vitatu ambavyo havimgharimu hata senti: kwamba modeli iliyotokana na taarifa za Wazanzibari nayo imo kwenye orodha ya vinavyorudishwa au kuharibiwa; kwamba haitumiki kwa lengo jingine bila idhini mpya ya maandishi; na kwamba seva zinazoihifadhi zinatajwa kwa nchi, si kwa neno "wingu". Mwanasheria wa kampuni atapinga kifungu cha kwanza. Akipinga, mwulize kwa nini.